Friza inagandisha, chini maziwa yanachacha: usijaze gesi kwanza

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Niko Wete, Pemba. Nina friji la milango miwili, friza juu, lile la aina isiyoshika barafu. Nililinunua la mtumba huko Unguja nikalileta kwa boti mwaka jana. Juu linagandisha nyama mpaka inakuwa jiwe, lakini chini maziwa yanachacha kwa usiku mmoja na samaki ananuka. Chini ya droo za mboga nakuta maji kila siku. Fundi alilichukua likakaa kwake siku mbili, akasema gesi imekwisha, akajaza. Likapoa kama wiki mbili, likarudi palepale. Sasa anasema gesi imekwisha tena na pengine kompresa imechoka. Nauza barafu za mabungo na ubuyu kwa watoto wa skuli, hiyo ndiyo riziki yangu. Nimlipe ajaze tena? Na friji la mama, Konde, lenyewe halipozi kabisa. Linanguruma kidogo, linalia "ta!", linanyamaza, baada ya dakika chache linarudia. Nalo ni gesi?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Hapana, usilipe gesi ya pili. Kwa maelezo haya, hata ile ya kwanza sioni kama ilihitajika.

Hebu zirudie siku zile mbili friji lilipokuwa kwa fundi. Lilichomolewa kwenye umeme, likafunguliwa, likakaa. Barafu yote iliyokuwa imejificha nyuma ya ubao wa friza ikayeyuka na kumwagika. Liliporudi kwako njia za hewa zilikuwa wazi, likapoa. Wiki mbili baadaye barafu ikajijenga upya, njia zikaziba, maziwa yakachacha. Kilicholiponya friji lako kwa muda ni kule kuzimwa siku mbili. Ungelichomoa mwenyewe hapo nyumbani ukaacha milango wazi, ungepata wiki mbili hizohizo bila ya kutoa hata shilingi.

Neno hili "gesi imekwisha" nimelisikia tangu nilipoanza kazi, na limewatoa pesa watu wengi ambao hawakuwa nazo. Sisemi kila fundi anayelitamka ni mwongo. Wengi ndivyo walivyofundishwa, na mteja naye akishalisikia huridhika. Linaingia akilini kwa sababu tunaifananisha gesi ya friji na ile ya mtungi wa kupikia: inawaka, inakwisha, unabadilisha mtungi. Ya friji haichomwi ikaisha. Ifikirie kama ndoo ya kisimani. Kompresa inaisukuma gesi ikiwa moto hadi kwenye mabomba ya nyuma au ya ubavuni, pale inamwaga joto na kugeuka majimaji. Yale majimaji yanapenya kwenye kijibomba chembamba kama sindano, yanafika ndani ya friza, yanachemka na kuwa gesi tena, na katika kuchemka huko yanachota joto la nyama yako. Kisha gesi inarudi kwenye kompresa, safari inaanza upya. Ndoo inachota joto ndani na kulimwaga nje, mchana na usiku, kwa miaka ishirini ikiwa bomba halikutoboka. Ndoo haipungui kwa kuchota. Gesi ikiwa imepungua, basi kuna tundu, na fundi anayejaza bila ya kulitafuta tundu amemimina maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Sasa tazama friji lako. Nyama juu inakuwa jiwe, kwa hiyo ndoo inachota vizuri. Kompresa iliyochoka haigandishi nyama ikawa jiwe. Tatizo ni kuwa baridi ile haishuki chini.

Katika mafriji ya aina yako, chini hakuna mashine yoyote ya baridi. Mashine ni moja tu, imefichwa nyuma ya ubao wa plastiki ndani ya friza: bomba lililokunjwakunjwa lenye mapezi ya bati. Mbele yake au juu yake ipo feni ndogo. Feni inavuta hewa kwenye yale mapezi, sehemu kubwa inaitawanya ndani ya friza, na sehemu ndogo inaiteremsha chini kwa njia iliyo ndani ya ukuta. Hicho kidogo ndicho kinachopoza maziwa.

Hewa yetu ina unyevu, wewe wajua, hasa masika na kipindi cha kaskazi. Kila ukifungua mlango, unyevu unaingia na kuganda juu ya mapezi. Waliolitengeneza friji walilijua hilo, wakatia hita chini ya bomba. Kila kompresa ikifanya kazi kwa saa kadhaa, kwa kawaida kati ya sita na kumi na mbili, taimu (kijisaa cha ndani) au bodi ya elektroniki inaisimamisha, inaiwasha hita, barafu inayeyuka, maji yanapita kwenye tundu la sakafu ya friza hadi kwenye sahani iliyo juu ya kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Ndiyo maana huoni barafu na ukaambiwa ni aina isiyoshika barafu. Inashika, ila inajisafisha yenyewe.

Kazi hiyo ya kujisafisha ikikatika, mapezi yanafunikwa, feni inavuta hewa haipati, na chini ndiko kunakoanza kuumia kwa sababu kulikuwa kunapata kidogo tangu mwanzo. Juu kutaendelea kugandisha kwa siku nyingi. Maji chini ya droo yananiongezea uhakika: tundu la kutolea maji nalo limeziba, kwa barafu au kwa uchafu, na maji yamejitafutia njia.

Kabla ya kulifungua, lakini, angalia jambo moja ambalo halina gharama. Friji lako lina vinobu viwili, kimoja juu kimoja chini? Katika baadhi ya mafriji kile cha friza hakiongezi baridi hata kidogo, kinafungua na kufunga kilango cha hewa inayoshuka. Ukikisukuma mpaka mwisho ili barafu zako zishike upesi, unakifunga kilango na kuwanyima walio chini. Nimewahi kupanda hadi ghorofa ya tatu Michenzani na sanduku zima la zana, nikageuza kinobu, nikateremka. Kiweke katikati, subiri siku nzima.

Angalia pia unavyopanga barafu zako. Vikombe vikiwa vimegusana na ubao wa nyuma au vimeziba vile vitundu vya hewa, umeifunga njia kwa mkono wako. Acha nafasi ya vidole vitatu nyuma. Na usitie vikombe arubaini vya juisi kwa mara moja. Maji kugeuka barafu ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani: joto la kutoa ili lita moja iliyokwisha kuwa baridi kama barafu igande ni karibu mara tatu ya lile ulilolitoa kuipoza kutoka joto la jikoni hadi hapo. Poza juisi kwanza chini au kwenye beseni la maji, kisha panda nayo, kundi la kwanza jioni, la pili usiku. Na kila kikombe kiwe na mfuniko, maana juisi iliyo wazi inatoa unyevu unaokwenda kuganda palepale tusipopataka.

Kama kinobu na mpangilio havikusaidia, fanya jaribio hili. Chagua siku ambayo huna biashara, mfano Ijumaa. Chakula kihamishie kwa jirani. Chomoa plagi, fungua milango yote miwili, tandika matambara chini, acha kwa saa ishirini na nne kamili. Saa tano au sita hazitoshi, barafu ya nyuma ya ubao ni nene na hewa haiifikii. Feni ya mezani ikielekezwa kwenye friza itaharakisha. Kisha mimina maji ya vuguvugu, si ya moto, kwenye tundu la maji ukiliona, uyasikie yanateremka nyuma.

Nakuomba kitu kimoja, dada, nakuomba kwa dhati: usitie kisu. Wala bisibisi, wala mwiko wa chuma. Bomba lile aghalabu ni la alumini, laini, ukilichoma linatoboka kwa urahisi kabisa. Nimeletewa mafriji mengi yaliyouawa hivi na watu waliokuwa wanaharakisha kitoweo cha futari. Unasikia "sssss", na hapo ndipo gesi inakwisha kweli. Mafriji mengi ya miaka hii yana gesi iitwayo R600a, jamii moja na gesi ya kupikia, inashika moto. Ukiisikia inatoka, fungua madirisha, zima jiko, usiguse swichi wala plagi, toka nje na watoto mpaka hewa ibadilike.

Baada ya saa ishirini na nne, kausha, washa, usitie kitu kwa saa sita. Likipoa vizuri juu na chini kwa wiki moja au mbili kisha likarudia, basi ugonjwa tumeushika: halijiyeyushi. Lisipopoa chini tangu siku ya kwanza, sikiliza feni. Fungua mlango wa friza, bonyeza kwa kidole kile kitufe kilicho pembeni ya fremu ambacho mlango hukibonyeza ukifungwa. Kompresa ikiwa inazunguka, unapaswa kusikia feni ikivuma na kuhisi upepo usoni. Kama kimya, mota ya feni imekufa au imekwama. Mafriji yanayoendeshwa kwa bodi huchelewesha feni, kwa hiyo subiri dakika chache kabla ya kulihukumu.

Sasa ya fundi. Mwambie hivi, na mwambie kwa upole, maana mafundi tunaumia haraka: "Naomba ufungue ubao wa friza tuitazame barafu pamoja." Ukiona mapezi yote yamefunikwa sawasawa, juu mpaka chini, kama yamejengewa ukuta mweupe, gesi iko sawa na kosa liko kwenye hita na wenzake. Ukiona barafu imeshika safu mbili tatu za mwanzo tu na zilizobaki ni kavu, hapo mimi mwenyewe nitakubali kuwa gesi ni pungufu, na swali litakuwa inavujia wapi. Hii ndiyo sababu sikuapii asilimia mia nikiwa huku Unguja. Gesi inayovuja kidogokidogo inaweza kukuonyesha dalili zinazofanana na zako kwa kipindi fulani, ila nyama haiwi jiwe kwa muda mrefu. Barafu ya kwenye mapezi ndiyo shahidi, na haichukui zaidi ya nusu saa kumwita.

Kwenye kujiyeyusha kuna vitu vinne vya kupima kwa mita. Hita yenyewe: ya umeme wetu wa volti 230 kwa kawaida husoma omu mia mbili na kitu hadi mia tatu na kitu, isiposoma chochote imekatika. Fyuzi ya joto, kijidude kidogo cheupe kilichoshikana na waya: kikiwa kizima kinapitisha, kikiungua hakirudi tena. Taimu au bodi: taimu ina tundu la kuzungushia kwa bisibisi, unaizungusha taratibu mpaka ilie, kompresa inazima na baada ya dakika chache unasikia maji yakichuruzika. Ikilia na hita ikawaka, lakini siku zinapita taimu haijisogezi yenyewe, ndiyo mbovu.

Cha nne ni kile kidude cha mviringo kilichobanwa juu ya bomba, wengi wetu tunakiita baimeto. Hapa ndipo mafundi wazuri wanapokosea. Baimeto inapitisha umeme ikiwa kwenye baridi kali tu, ikipata joto inakata ili hita isije ikaunguza friji. Sasa fundi analizima friji, barafu inayeyuka, jua la saa saba, anapima baimeto, haipitishi, anasema mbovu. Si mbovu, imefanya kama ilivyoumbwa. Ipimwe ikiwa bado imeganda, au itiwe kwenye friza ya jirani saa nzima kisha ipimwe mara inapotoka. Kwa upande wa pili nimeona hita tatu zimenunuliwa moja baada ya nyingine kwa friji moja, kumbe baimeto ndiyo haikuwa ikishika kabisa. Vipuri hivi vyote vinne, hata ukivinunua kwa pamoja, kwa kawaida havifiki gharama ya kompresa.

Kuna deni moja limebaki kwa fundi wako: muulize alitia gesi gani, na kiasi gani. Nyuma ya friji, au ndani karibu na droo za mboga, kuna karatasi imebandikwa. Pameandikwa aina ya gesi, R600a au R134a, na uzito wake kwa gramu. Ya R600a ni kidogo sana, mara nyingi gramu hamsini au sitini, na inapimwa kwa mizani. Haipimwi kwa kushika bomba na kusema "imetosha". Kutia R134a kwenye friji la R600a ni kosa kubwa, mabomba na kompresa havikupangwa kwa ajili yake. Na kama gesi yako haikuwa imepungua naye akaongeza, sasa imezidi. Dalili yake ni bomba nene linalorudi kwenye kompresa kutoa jasho jingi au kushika barafu nje, na kompresa kuwa moto kupita kawaida. Ikiwa hivyo, itabidi itolewe yote, mfumo uvutwe hewa kwa pampu, itiwe upya kwa mizani. Akija kuchomelea bomba la friji la R600a kabla ya kuitoa gesi yote nje ya nyumba, mzuie. Huo ni moto.

Kwenye karatasi hiyohiyo tafuta herufi hizi: SN, N, ST au T. Zinaeleza friji limetengenezwa lihimili joto gani la chumba. SN na N ni mpaka nyuzi 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Mitumba mingi ya Ulaya inayoshushwa kwetu ni N au SN, na jikoni kwako mchana wa Januari karibu na jiko panapita nyuzi 32 bila shida. Likiwa N si lazima ulitupe, bali liondoe jikoni, liweke mahali penye upepo, mgongo usogee mbali na ukuta kiasi cha kiganja, na mabomba ya nyuma uyapanguse vumbi kila mwezi. Mliokaribu na bahari chumvi inashika mabomba na kuyala. Friji likiwa limechomolewa, kitambaa kilicholoa maji baridi kidogo na kukaushwa mara moja kinatosha. Ubavu wa friji ukiwa wa moto, usishtuke, mengi siku hizi yameficha mabomba ya joto humo, na hata fremu ya mlango inapitiwa na bomba la moto makusudi ili isitoe jasho.

Raba ya mlango nayo, kwa kifupi: bana noti kati ya raba na fremu, vuta. Ikitoka bila kushikwa, hapo hewa inapita. Ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, sehemu iliyobonyea uikande kwa kitambaa cha maji ya moto, irudie umbo lake.

Kabla sijafika kwa mama, samaki. Umesema ananuka, na nina hofu kuwa baadhi ya siku mmemkaanga mkamla. Chini panatakiwa pawe nyuzi 4 au chini yake, friza 18 chini ya sifuri. Nunua kipimajoto, kitie ndani ya gilasi ya maji rafu ya kati, asubuhi utajua ukweli. Samaki kama jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, hata kabla hawajanuka sana, wanajenga sumu ambayo moto hauiondoi. Ukimkaanga, ukimtia ndimu, ukimpika kwa nazi, sumu iko palepale: uso unakuwa mwekundu, mdomo unawasha, kichwa kinagonga, wengine wanatapika. Mpaka friji litengemae, samaki wa siku aliwe siku hiyo, wa akiba akae juu kwenye friza. Umeme ukikatika, usifungue: chini panastahimili kama saa nne, friza iliyojaa karibu siku mbili, iliyojaa nusu karibu siku moja.

La mama ni jambo jingine kabisa. Friji lililokosa gesi halisemi "ta!". Linazunguka mfululizo, kutwa kucha, bila ya kupoza. La Konde halijaanza hata kuzunguka: kompresa inajaribu kunyanyuka, inashindwa, inapata moto, ovalodi, kile kidude cha kuilinda, inaikata, ikipoa inajaribu tena. Mwambie mama alichomoe leo hii, maana kila jaribio linapika waya za ndani, na kosa dogo linageuka kuwa kompresa mpya.

Kisha apime umeme jioni, saa moja mpaka saa tatu usiku, watu wakiwa wamewasha kila kitu. Umeme ukishuka sana chini ya volti 200, kompresa nyingi hazinyanyuki. Nyumba nyingine tatizo si umeme wa barabarani, ni waya mwembamba wa nyongeza uliopita chini ya mlango ukibeba friji, pasi na feni kwa pamoja. Friji lipewe soketi yake ukutani.

Umeme ukiwa mzuri na bado linalia, kosa la kawaida ni rilei, kijisanduku kilichochomekwa ubavuni mwa kompresa. Fundi akichomoe, akitikise karibu na sikio. Kikilia kama kibuyu cha mbegu, ndani kimevunjika. Ni kipuri rahisi, kinabadilishwa kwa dakika kumi. Rilei mpya ikitiwa na kompresa bado ikakataa, hapo ndipo neno "kompresa" litamkwe, si kabla.

Nyote wawili mnahitaji gadi ya friji, kile kifaa kinachokata umeme ukishuka au ukipanda, kisha kinasubiri dakika tatu mpaka tano kabla ya kuurudisha. Kule kusubiri ndiko kunakookoa. Kompresa iliyosimama ghafla ina msukumo mkubwa upande mmoja, umeme ukirudi baada ya sekunde kumi inalazimika kuanza ikiwa imebebeshwa mzigo. Sisi Unguja tulijifunza hili vibaya, waya wa baharini uliokuwa ukituletea umeme kutoka Bara ulipokufa 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Umeme uliporudi ulikuja na kuondoka, na karakana zetu zikajaa kompresa. Zilijaa pia mafriji yaliyofungwa milango miezi mitatu, ukungu mweusi mpaka ndani ya njia za hewa. Ninyi Pemba mwaka huohuo wa 2010 mkaunganishwa kwa waya kutoka Tanga, lakini bahari ni ileile. Asiyekuwa na gadi achomoe plagi kila umeme ukikatika na airudishe dakika tano baada ya umeme kutulia. Na friji lisilotumika liachwe mlango wazi kidogo, limebanwa na kipande cha kitambaa.

Anza na kinobu leo usiku. Ijumaa lichomoe kama nilivyokueleza, kisha siku litakapoacha tena kupoza chini, usilizime. Mwite fundi likiwa bado linawaka, alizime mwenyewe na aufungue ubao hapohapo, piga picha ya mapezi kabla barafu haijaanza kudondoka, uniletee pamoja na picha ya ile karatasi ya nyuma. Nataka kuona barafu imefika safu ya ngapi.